Mahali pa Kushika

Mrehani wa Kafedha ulikuwa ukinywa maji kuliko mwenyewe.

Ulipandwa kwenye debe, kando ya mlango wa jikoni, nyumbani kwa mwanawe Randu huko Mikindani. Kila asubuhi Kafedha aliketi karibu na debe hilo akimenya viazi. Dama, mke wa Randu, alikuwa akiuza viazi karai jioni pale langoni. Yeye alikaanga, mama mkwe akamenya. Kafedha aliipenda kazi hiyo. Alikuwa na miaka sabini na miwili. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, lakini vidole vyake vilikijua kiazi. Ganda lilitoka jembamba, refu, bila kukatika.

"Mama, kunywa maji," Dama alisema akimpa bilauri. "Jua la leo ni kali."

"Asante, mwanangu. Weka hapo."

Dama aliporudi ndani, Kafedha aliutazama mlango. Kisha akaiinamisha bilauri juu ya mrehani, maji yakaingia kwenye udongo. Chai ya saa nne nayo ilipita njia iyo hiyo.

Si kwamba hakuwa na kiu. Kiu alikuwa nayo, tena midomo ilikuwa imemkauka. Lakini alijua kwamba mtu akinywa lazima atakwenda chooni. Na choo kilikuwa mle bafuni. Mahali hapo Kafedha alipaogopa.

Hofu hiyo ilianza wiki tatu nyuma. Siku hiyo Randu alikuwa kazini, kwenye yadi ya makontena Changamwe. Dama alikuwa amekwenda soko la Kongowea kuchukua viazi. Kafedha aliingia kuoga peke yake, akafunga komeo. Alipomaliza, akapiga hatua kuelekea mlangoni. Unyayo ulikuwa na povu la sabuni. Ukateleza. Mkono ukatafuta mahali pa kushika, ukakuta ukuta mtupu. Alijikuta chini, shavu likiwa limelala kwenye saruji iliyolowa.

Alilala pale kwa muda. Paja lilimwaka kama limetiwa moto. Alilitazama komeo, lilivyokuwa juu na mbali. Akawaza, nikifia hapa watavunja mlango, wanikute uchi. Wazo hilo ndilo lililompa nguvu. Akajikokota, akapiga magoti, akashika mtungi wa plastiki uliojaa maji, akainuka taratibu.

Hakumwambia mtu. Alikuwa amekwisha kuyaona yaliyompata dada yake mkubwa kule Kaloleni. Dada alianguka mara moja tu. Tangu siku hiyo watoto wake wakamnyang'anya ufunguo wa nyumba, wakamkataza kwenda kanisani, wakamwekea msichana wa kumwogesha. Walifanya hivyo kwa mapenzi. Lakini dada alimwambia Kafedha, "Wamenirudisha utotoni, na mimi ndiye niliyewazaa."

Basi Kafedha alinyamaza. Alijipangusa mwili kwa kitambaa chumbani mwake. Chooni alikwenda mara mbili kwa siku, akiambaa na ukuta. Na kila siku alimwambia Randu kwamba anakumbuka kwao, anataka kurudi Kaloleni.

"Kwani hapa umekosa nini, mama?" Randu aliuliza.

"Sijakosa kitu. Nimekumbuka nyumbani tu."

Siku moja, saa nne, Kafedha alikuwa ameinamisha kikombe cha chai juu ya mrehani. Dama alikuwa amesahau kisu nje. Akarudi kukichukua. Akaona.

Chai ilikuwa bado inatiririka. Dama akavuta mtungi mtupu, akauketia, mikono ameiweka magotini.

"Mama," alisema, "mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Wiki ya tatu hii hunywi kitu changu. Nilidhani ni mimi ninayeona vibaya. Juzi mteja mmoja aliniuliza mbona mama mkwe hanywi kwangu. Akasema ukiona hivyo, kuna neno. Nilicheka mbele yake, lakini usingizi ulinikimbia. Kama mkono wangu una ubaya, niambie mimi mwenyewe. Usiende Kaloleni ukaniacha na maneno ya watu."

Kafedha alihisi kama amemwagiwa maji baridi. Huyu ndiye aliyemuuguza alipopata malaria, akamfulia shuka bila kukunja uso. Siku zote hizo Kafedha alifikiri siri yake ni mzigo wake peke yake. Kumbe mwingine ndiye aliyeubeba, na wala hakujua amebeba nini.

Alikiweka kikombe chini. Akaipandisha leso yake mpaka kwenye paja. Pale palikuwa na vilio la damu, pana kama sahani, limegeuka rangi ya manjano na kijani.

"Nilianguka bafuni," alisema. "Siku uliyokwenda Kongowea. Sinywi kwa sababu sitaki kuingia mle. Si wewe, mwanangu. Hata siku moja hukuwa wewe."

Dama aliliangalia lile paja. Machozi yalimtoka, akayapangusa kwa kiganja. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetua ndoo kichwani.

"Kumbe ni bafu."

"Ni bafu."

"Na mimi nikidhani ni mimi."

Wakakaa hivyo, bega kwa bega, viazi vikiwasubiri. Kisha Dama akasema, "Mama, twende kwa Mwanarehema."

Mwanarehema aliishi nyumba ya tatu kutoka pale. Alikuwa mhudumu wa afya ya jamii. Watu wa mtaa huo waliujua mkoba wake, wenye mashine ya kupimia presha na daftari lililovimba kwa kufunguliwa kila siku.

"Shikamoo, bibi," alisema akimpokea Kafedha mlangoni. "Karibu, keti. Pumzika kwanza, ndipo nikupime."

"Marahaba, mwanangu."

Alimpima. Akaitazama mashine, akampima tena.

"Presha imeshuka mno," alisema. "Dawa zako za presha unameza?"

"Kila siku. Sikosi."

"Na maji unakunywa?"

Kafedha alimtazama Dama.

"Mrehani ndio unaokunywa," Dama akasema.

Wakamweleza yote. Mwanarehema alisikiliza mpaka mwisho, hakumkemea mtu.

"Bibi, umefanya vyema kusema," alianza. "Sasa nisikilize. Mtu mzima hahisi kiu kama kijana. Asipokunywa, damu hupungua maji na presha hushuka. Kwako wewe kuna na dawa inayoishusha zaidi. Ukiinuka kwa haraka, unaona giza. Je, huoni kizunguzungu?"

"Nakiona. Asubuhi hasa."

"Basi ndiyo hayo. Umeacha maji ili usianguke. Na huko kuacha maji ndiko kutakakokuangusha."

Kafedha hakuwa ameliwaza hilo.

"Niache dawa?" aliuliza.

"La. Usiache dawa wala usiipunguze mwenyewe. Hiyo ni kazi ya daktari. Leo hii mwende kituo cha afya. Mwonyesheni na hilo paja. Mtu wa umri wako akianguka, hata kama anatembea, apimwe. Mfupa huweza kupata ufa na mtu asijue."

Wakaenda. Alipigwa picha ya mfupa, mfupa ukaonekana mzima. Mkojo ulipopimwa ulikutwa na uchafu, kwa sababu ya kukaa bila kunywa na kuubana mkojo siku nzima. Daktari alimpa dawa ya siku saba. Akapunguza kidogo dawa ya presha. Akamwambia anywe maji kidogo kidogo tangu asubuhi mpaka jioni.

"Kunywa ni rahisi," Kafedha alimwambia Dama njiani. "Kwenda chooni ndiko kugumu."

Jioni hiyo Randu aliambiwa. Alikuwa mtu mnene, mpole, asiyependa kukaa na jambo. Kesho yake alirudi kutoka kazini amebeba kiti cha plastiki, chuma cheupe kinachong'aa na kipande cha zulia. Akaingia bafuni na bisibisi. Baada ya nusu saa akatoka amelowa jasho.

"Tayari, mama. Kiti cha kukalia, chuma cha kushikia, zulia la kukanyagia. Na tangu leo Dama atakuogesha."

"Sitaki kuogeshwa," Kafedha alisema. "Mikono yangu bado yafanya kazi."

"Mama, ukianguka tena watu wataniambia nini?"

Hofu ya Kafedha ilikuwa imetimia. Chumbani mwake, mfuko aliokwisha kuupanga kwa safari ya Kaloleni ulikuwa bado haujafunguliwa.

Jumamosi Mwanarehema alikuja kumtazama. Randu alikuwa nyumbani. Alimwonyesha bafu kwa furaha, akaanza kueleza. Mwanarehema akamsikiliza, kisha akasema kwa upole, "Ndugu yangu, umejitahidi. Sasa niwie radhi, nataka kumsikia bibi."

Akamgeukia Kafedha. "Bibi, bafu ni kavu na wewe umevaa nguo zako. Ingia kama unavyoingia siku zote. Unapotaka kushika, shika. Unapoogopa, simama useme. Mimi niko nyuma yako."

Tangu alipoanguka, hakuna aliyekuwa amemuuliza Kafedha anaogopa wapi. Akavuta pumzi, akaanza.

Bafu na choo vilikuwa chumba kimoja, mwisho wa ukumbi. Mlangoni palikuwa na kizingiti kirefu, na baada ya kizingiti sakafu ilikuwa chini zaidi. Kafedha akasimama.

"Hapa. Sioni chini kuko umbali gani. Saruji yote ni rangi moja."

Akashuka. Kando ya ukuta kulikuwa na mitungi mitano ya maji, maana mabomba ya mtaa huo hukauka hata wiki. Alilazimika kupita ubavu ubavu.

"Hapa. Mguu wagonga mtungi."

Akafika kwenye choo. Kilikuwa choo cha kuchuchumaa. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye bomba la maji.

"Hapa ndipo pabaya kuliko kote," alisema. "Kuchuchumaa naweza. Kuinuka ndiko siwezi. Nashika hili bomba."

Mwanarehema alilitikisa. "Ni la plastiki. Likivunjika utaanguka nalo. Haya, endelea."

Mahali pa kuogea sakafu ilikuwa na utelezi wa kijani. Sabuni ilikuwa chini, ndoo ilikuwa chini, kopo lilikuwa chini.

"Nainama kila nikichota. Nikiinuka, kichwa chazunguka."

"Lakini chuma si hicho hapo?" Randu akasema akiwa mlangoni. "Nimekifunga kwa skrubu nne."

Mwanarehema alikishika, akaegemeza uzito wake. Chuma kikang'oka chote, na plasta ikamwagika sakafuni. Hakuna aliyecheka. Randu alikitazama kile chuma mkononi mwa Mwanarehema, na rangi ya uso wake ikabadilika.

"Hiki ni cha kutundikia taulo," Mwanarehema alisema. "Taulo haina uzito wa mtu. Ubaya wake ni kwamba mtu hukiamini."

Akakisukuma kiti cha plastiki juu ya saruji. Miguu ikatanuka, kikateleza mpaka ukutani. Akaliinua zulia, nalo likadondosha maji. "Zulia hujikunja, na likilowa huteleza. Na hili komeo je? Mtu akianguka ndani, nani atamfungulia?"

Randu aliketi kwenye kizingiti. "Nilitaka kumlinda," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Ndiyo maana tunaongea." Mwanarehema akamgeukia Kafedha. "Bibi, wewe mwenyewe wataka nini kwanza?"

Kafedha hakufikiri sana. "Nataka mahali pa kushika nikiinuka. Na nataka kuoga mwenyewe, mlango umefungwa."

"Umesikia?" Mwanarehema alimwuliza Randu.

"Nimesikia," Randu alisema. Kisha akamtazama mamake. "Nisamehe, mama. Nilikuwa sijakuuliza."

Kazi ilianza siku ile ile, kwa mambo yasiyohitaji fundi. Randu aliihamisha mitungi yote akaipanga jikoni. Dama aliondoa chupa na ndoo zilizoziba dirisha, mwanga ukaingia. Wakasugua sakafu kwa burashi ngumu mpaka ule ukijani ukaisha, na wakakubaliana isuguliwe kila wiki. Sabuni ikatiwa kwenye mfuko wa wavu, ikaning'inizwa. Komeo likang'olewa, pakawekwa kitasa kidogo kinachoweza kufunguliwa kutoka nje kwa sarafu. Mwanarehema akazigeuza patipati za Kafedha, akamwonyesha soli zilivyolika zikawa laini kama kiganja. Zikatupwa, zikanunuliwa nyingine zenye mifereji chini na mkanda wa nyuma.

Jumatatu akaja fundi Mutua, mtu wa Machakos aliyekwisha kukaa Mombasa miaka ishirini.

"Shikamoo, shosho."

"Marahaba. Hapa kwetu bibi huitwa hawe," Kafedha alisema.

"Basi shikamoo, hawe."

Alibisha ukuta kwa kifundo cha kidole. "Mawe ya matumbawe," alisema. "Ni laini. Skrubu inaingia vizuri na inatoka vizuri. Hapa tutatoboa mpaka nje. Boliti ipite ukuta wote, na nyuma tuweke bamba la chuma. Hapo hakitoki."

Randu alitaka kumwonyesha urefu wa kuweka chuma. Mutua akatikisa kichwa. "Nikipima kwa mkono wako, nitakuwa nimekutengenezea wewe. Hawe, hebu keti kwenye hiki kiti, halafu inuka kama ulivyozoea."

Kafedha akaketi, akainuka. Mkono wake ulipopita ukutani, Mutua akaweka alama ya chaki. Akamwambia arudie. Alama ya pili ikaangukia karibu na ya kwanza. Wakafanya hivyo penye choo, penye kuogea na mlangoni. Zikawa alama tatu, zote za mkono wa Kafedha.

Mutua alifanya kazi siku tatu. Aliidonoa sakafu yote kwa patasi ili saruji mpya ishike. Akachanganya saruji na mchanga wa chengachenga, akaimwaga ikiteremka kidogo kuelekea tundu la maji. Kabla haijakauka, akaipitishia ufagio mgumu. Ikabaki na mistari midogo iliyoshika unyayo. Kizingiti alikipunguza, akajenga kidato kipana cha kushukia, na ukingo wake akaupaka rangi ya manjano ili macho ya Kafedha yauone.

Kwa kiti cha kuogea, hakutaka kitu chenye miguu. Alijenga kibaraza cha saruji pembeni, cha urefu wa goti la Kafedha, kisichosogea. Kando yake akajenga jukwaa la kuwekea ndoo, ili maji yawe usawa wa mkono na mtu asiiname. Juu ya choo cha kuchuchumaa, fundi wa kuchomelea vyuma aliweka kiti kizito cha chuma, chenye tundu katikati, mikono miwili na mipira miguuni. Wengine wakitaka kuchuchumaa hukiinua na kukiweka kando. Swichi ya taa ikahamishiwa nje, karibu na mlango. Na kwa kuwa stima hupotea mara kwa mara, Randu aliongeza taa ya kuchaji.

Vyuma vitatu vya kushikia vilipofungwa, Mutua alining'inia kwenye cha kwanza kwa uzito wake wote. Kisha akamwita Randu.

"Wewe ni mzito kuliko mimi. Vuta."

Randu alivuta mpaka shingo ikatoka mishipa. Chuma hakikutikisika. Alivuta tena, kama mtu asiyetaka kuamini upesi. Halafu akapumua, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Wakati saruji ikikauka, Kafedha alioga kwa Mwanarehema, kwenye bafu ambalo Mwanarehema alilitengeneza zamani kwa ajili ya baba yake mwenyewe. Siku ya tano, Mutua alikanyaga sakafu, akasema imeiva.

Asubuhi hiyo Kafedha alichukua leso na taulo. Dama alimfuata mpaka mlangoni.

"Mama, tupatane," alisema. "Mimi sitaingia. Nitaita mara moja tu. Ukiitika, naondoka."

"Tumepatana."

Kafedha alishika chuma cha mlangoni. Kilikuwa baridi na imara. Akaona ukingo wa manjano, akashuka. Mistari ya sakafu ilimkwaruza nyayo kidogo, na ule mkwaruzo ukampa raha. Akaketi kibarazani. Ndoo ilikuwa mkononi pake, sabuni ilikuwa mkononi pake. Akachota kopo la kwanza, akajimwagia kichwani. Akachota la pili. Ilikuwa mwezi na zaidi tangu maji yalipompita mwili mzima ndani ya bafu la nyumbani. Aliyaacha yateremke mgongoni, akafumba macho. Akaanza kuimba pambio la kanisani, pole pole.

"Mama!" Dama aliita. "U mzima?"

"Abee. Ni mzima, mwanangu. Niache nioge."

Nje ya mlango Dama aliegemea ukuta, akausikiliza ule wimbo mpaka ubeti wa pili. Kisha akaenda jikoni kuwasha jiko.

Mwezi ulipita. Kafedha alikunywa bilauri sita kwa siku, na chai juu yake. Kizunguzungu kilikwisha. Mwanarehema alipompima presha, aliandika daftarini bila kupima mara ya pili. Kafedha aliinuka kitandani kwa utaratibu aliofundishwa. Kwanza alikaa ukingoni, akahesabu pumzi kumi, ndipo akasimama. Safari ya Kaloleni aliifanya, lakini ikawa matembezi ya siku nne kumwona dada yake. Alirudi kwa hiari yake, na mihogo ya Dama ndani ya mfuko.

Randu naye alianza kuvitumia vile vyuma. Alirudi kutoka yadini na mgongo umekakamaa, akashika na kuinuka kama mamake. Mwanzoni alikana. Siku Dama alipomkuta, alisema anakagua kama boliti zimelegea.

Jumapili moja baada ya ibada, Kafedha alitembelewa na Nyamvula, mwenzake wa kwaya. Nyamvula alikuwa mjane wa miaka sabini, aliyeishi peke yake upande wa pili wa barabara kuu. Alivaa vizuri, alicheka sana, na hakupenda kuonekana mzee. Aliomba kwenda bafuni. Alikaa huko muda mrefu. Dama alimtazama mama mkwe, na Kafedha akamwashiria amwache.

Nyamvula alitoka pole pole. Hakuwa anacheka. Aliketi karibu na Kafedha, akaipanga leso yake magotini, akaipanga tena.

"Vile vyuma," alisema, "nani alikufungia?"

"Fundi Mutua. Nitakupa namba yake."

"Hapana, nauliza tu."

Dama akainuka, akaingia jikoni na kuurudisha mlango.

"Kafedha," Nyamvula alisema kwa sauti ya chini, "mimi nilianguka Jumanne."

Kafedha hakushtuka wala hakusema pole. Aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mwenzake.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Bintiyo Lavender yuko wapi saa hizi?"

"Yuko kwake, Likoni. Lakini Lavender ana mambo mengi. Nikimwambia, atanihamisha nyumbani kwangu."

"Hilo nalijua. Hata mimi nilifikiri hivyo. Mwambie umeanguka. Halafu mwambie na unachotaka. Yote mawili, kwa pamoja. Mimi nilificha la kwanza, nikakosa nafasi ya kusema la pili."

Nyamvula aligusa pindo la leso yake.

"Simu unayo?"

"Ninayo."

"Mpigie. Mimi nimeketi hapa."

Nyamvula alifungua pindo la leso, akatoa simu. Aliiweka mbali na macho, akabonyeza, akaipeleka sikioni. Mkono wake mwingine ulikuwa bado chini ya mkono wa Kafedha. Simu ililia mara mbili, kisha sauti ya mwanamke kijana ikaitika.

"Abee, mama."

"Lavender," Nyamvula alisema, "una nafasi? Nina neno nataka kukuambia."